Macho Makavu ya Mzee Irungu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Byron, dijei mpinzani wangu, amenitusi mbele ya watu! Ametoka kwake mtaa wa West Indies hadi hapa Kapsoya, akasimama mlangoni pa ukumbi wangu wa video na kutangaza kwamba kwangu watu hucheka hata filamu ikiwa ya matanga. Mimi! Mungai Sauti ya Radi, dijei wa miaka kumi na moja! Natafsiri filamu za Wazungu na Wakorea papo hapo, maiki mkononi, bila kumeza mate.

Nikamwambia Jumamosi naonyesha sehemu ya mwisho ya "Taa ya Kituo cha Saba", na kila mtu atalia. Akauliza, hata Mzee Irungu? Nikasema hata Mzee Irungu. Mdomo huu utaniua. Mzee Irungu hakudondosha chozi hata siku ya kumzika mkewe Wanja, miaka miwili iliyopita. Alishika sepetu akafukia mwenyewe, macho makavu kama mahindi ya ghalani.

Tumeshapeana mikono. Mzee akilia, Byron ataniletea ubao ulioandikwa kwamba mimi ndimi mfalme wa madijei Eldoret. Asipolia, nasalimisha maiki na kuwa mkata tiketi wake. Mke wangu Mwihaki ameniuliza kama nina akili timamu.

Jumanne, 10 Juni

Upelelezi. Nimeenda kwa Mzee kutafuta udhaifu wake. Hana. Nimemkuta nje anapiga chafya, homa ya baridi imemshika. Saa nne asubuhi, jua limewaka, na taa ya mlangoni pake pia inawaka! Taa hiyo haizimwi usiku wala mchana. Nikamwambia anamaliza tokeni za stima bure. Akanimiminia chai. Nilipomwalika Jumamosi akasema atakuja. Anataka kujua kama yule roboti alirudiwa.

Niwaelezee wajukuu watakaosoma shajara hii. Kituo cha Saba kiko kwenye sayari isiyo na mtu. Roboti aliachwa huko awashe taa, ili chombo cha wenzake kipate njia ya kurudi. Jina lake la Kizungu linashinda ulimi, kwa hivyo nilimbatiza Cyril. Fundi aliyemwacha ni mwanamke, nikambatiza Ayoo. Ayoo alimwambia asizime hadi arudi. Basi! Sehemu kumi na moja, miaka sabini, Cyril anangoja. Betri zilipoisha akachomoa mguu wake mwenyewe autumie kulisha taa. Jamani! Kuna binadamu aliyeketi chini akabuni jambo hilo. Nikilifikiria naishiwa maneno, na mimi si mtu wa kuishiwa maneno.

Alhamisi, 12 Juni

Mipango imeiva. Wa kwanza, sauti ya huzuni. Nimeifanyia mazoezi jikoni, Mwihaki akacheka hadi akamwaga unga. Wivu tu.

Wa pili ni Maximilla wa kwaya, yule anayelia matanga ya watu asiowajua. Ataketi nyuma ya Mzee. Nikikohoa mara mbili, aanze.

Wa tatu ni sayansi. Vitunguu! Kilo nne zimetoka kwenye genge la mboga la Mwihaki. Anashuku panya. Nimemuunga mkono kabisa.

Sehemu ya mwisho yenyewe sijaitazama. Dijei wa kweli haonji kabla ya kupakua.

Jumamosi, 14 Juni



Saa nane mchana ukumbi ulijaa. Beseni la vitunguu vilivyokatwa lilikuwa chini ya benchi la Mzee. Watu wote wakalia kabla sijawasha skrini! Byron akalia. Mwihaki akalia, kisha akavitambua vitunguu vyake. Mzee peke yake, macho makavu. Homa imemziba pua! Harufu ikanipanda mimi, nikakohoa. Mara mbili. Majina ya waigizaji hata hayajaisha, Maximilla akajitupa sakafuni na kuomboleza. Ikabidi atolewe nje. Byron alicheka akishika mbavu. Nikajiona nakata tiketi.

Kisha chombo kikatua.

Ayoo akashuka. Kikongwe, na fimbo. Cyril amebaki kichwa na mkono mmoja, na mkono huo umeshika swichi. Taa inawaka. Nikafungua mdomo nitafsiri. Hamna kitu! Sauti ya Radi, kimya! Ayoo akapiga magoti, akaweka kiganja chake juu ya kile cha chuma, na pamoja wakaizima taa. Skrini ikawa nyeusi. Hakuna muziki, hakuna neno. Sijawahi kuona kitu kama hicho maishani. Watu mia moja, na nikasikia mvua ikianza kudondoka kwenye mabati. Nililia kama mtoto, na maiki imening'inia kwa waya.

Mtu akapenga kamasi. Mzee Irungu! Machozi yalikuwa yamefika kwenye kola, na hakuyafuta. Akasema taratibu, bila kumwangalia mtu, kwamba Wanja alipokuwa akipelekwa hospitali kule Plateau alimwomba asizime taa ya mlangoni hadi arudi. Kwa hivyo hakuizima. Hakujua nani wa kumpa ruhusa. Akachukua kofia yake akaenda kwenye mvua.

Byron alisimama kumpisha. Hakuna aliyetaja dau.

Jumapili, 15 Juni

Nimepitia kwa Mzee kabla ya ibada. Taa ya mlangoni imezimwa. Nilisimama langoni na Biblia yangu, nikiiangalia ile balbu, nikashindwa hata kubisha hodi. Filamu ilifanya hivi! Watu tusiowajua, ng'ambo huko, wamemfikia mzee wa Kapsoya wakamwambia apumzike. Kanisani sikusikia mahubiri.

Jumatatu, 16 Juni

Byron ameleta ubao. Mfalme! Nimeupigilia misumari mwenyewe.

Mwihaki anadai kilichomliza Mzee ni kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja nilinyamaza. Upuuzi mtupu. Ni vitunguu. Homa ilivichelewesha tu njiani.

Jioni Mzee mwenyewe amekuja. Amevua kofia, akaomba nimwonyeshe tena ile sehemu ya mwisho Jumamosi, peke yake, vile vile ilivyokuwa. Nimeguswa sana. Nimemwahidi itakuwa bora zaidi. Nimeazima spika ya pili. Vitunguu vitakuwa kilo nane. Mwihaki amefunga genge kwa kufuli, lakini najua anapoficha ufunguo. Na pale taa inapozimwa, ambapo hapakuwa na neno hata moja, nimeshaandika kurasa tisa.