Waraka wa Mapaa Meupe

Umma ulitangaziwa, kwa tarumbeta moja na vipaza sauti viwili (kimoja kibovu), kwamba kuanzia Jumatatu kila kilicho juu ya paa la serikali kitakuwa cheupe. Weupe ni maendeleo. Mkurugenzi wa Nyuso za Majengo alikuwa ameligundua hilo mwenyewe, akiwa ndani ya gari.

Fundi rangi alijikuna kichwa mbele yake. Juu ya wodi ya wazazi kulikuwa na mabamba sita ya kupashia maji moto kwa jua. Aliyapaka mwenyewe rangi maalumu, nyeusi tii, inayomeza joto na kuling'ang'ania kama mchoyo na mnofu. Na humo wodini alilala bintiye, na kichanga cha siku mbili.

"Mzee, yale yakiwa meupe, maji yatapoa."

"Nani kakuambia?"

"Jua."

"Jua si mtumishi wa idara hii."

Lisilo budi hutendwa. Mabamba yakapakwa. Kesho yake bintiye alimpokea na beseni la maji.

"Baba, hebu tia mkono."

Akautia, akautoa mbio; maji yalikuwa barafu. Mjukuu, aliyekwisha kuogeshwa humo, alikuwa bado anatoa maoni yake, na wodi nzima ikiyasikia.

Kamati ikaundwa. Ikakaa siku tatu, ikanywa chai ya moto, ikathibitisha kwamba rangi haina uhusiano wowote na joto. Jua ndilo lililozembea. Likaandikiwa barua ya onyo, nakala kwa mawingu.

"Nimeelewa, mzee," fundi akasema. "Na makopo matatu ya nyeusi yaliyobaki?"

"Mali ya umma haitupwi. Waraka umetaja mapaa tu. Paka ukuta wowote wa karibu, usinichoshe."

Ukuta wa karibu ulikuwa wa bati, ukitazama magharibi. Nyuma yake alikaa mkurugenzi.

Makopo mawili yalitosha. Kufika saa tisa alasiri mkurugenzi alichomoka, tai begani, shati limemganda.

"Futa rangi hii! Inameza joto! Naiva mzimamzima!"

"Kamati imesema rangi na joto havijuani."

"Kamati ni mimi! Nasema inameza!"

"Basi niandikie, mzee, na muhuri. Mimi nani hata niipinge kamati kwa mdomo mtupu?"

Akaandika kwamba nyeusi inameza joto, akagonga muhuri, jasho likidondokea wino. Fundi aliipepea karatasi ikakauka, akaikunja, akabeba kopo la tatu na kushika ngazi ya wodi ya wazazi.

"We! Na ukuta wangu?"

"Nyeupe imekwisha, mzee. Yote iko juu ya mapaa. Agiza nyingine, kamati itakaa."