Jicho la Kwandu na Mtaalamu wa Ubongo

Jumatatu, 3 Julai 1995
Leo nimekuwa mtaalamu wa ubongo. Chama cha ushirika kilinipunguza kazini mwezi wa tatu, baada ya miaka kumi na moja ya kupima pamba mzanini. Siku hizi mambo ni ruksa. Kampuni binafsi zinanunua pamba. Joakim amefungua duka la dawa hapa Somanda na watu wanamwita daktari. Daktari! Alikuwa mhudumu wa wodi.

Mimi nina kitabu. Kimetoka kwenye mitumba, Kiingereza kitupu. Nimesoma kurasa tisa kwa kamusi. Katikati ya kichwa kuna kitu kinaitwa thalamasi. Ni mzani wetu kabisa! Habari zote za machoni, masikioni na kwenye ngozi zinapita hapo kwanza, ndipo zipelekwe juu kwenye gamba la ubongo, kama pamba inavyokwenda kiwandani. Harufu tu ndiyo ina njia yake ya panya. Nimeelewa mara moja.

Jumanne, 4 Julai
Mgonjwa wa kwanza! Dada yangu Milembe amekuja kutoka Lalago na kichanga chake, Kwandu, miezi miwili. Mboni ya jicho la kushoto ina weupe, kama tone la maziwa. Alikuwa anampeleka kwa Joakim. Kwa Joakim! Nikamzuia mlangoni.

Nikamwambia jicho halina kosa, nyuzi za thalamasi ndizo vivu. Akauliza kama ni nyuzi za pamba. Nikasema karibu hivyo. Kitabu kinasema nyuzi za macho mawili hugombea nafasi kwenye gamba la ubongo tangu utotoni, na jicho lisilofanya kazi hunyang'anywa yake. Basi dawa ni wazi: funika jicho zima, hilo vivu litajituma lenyewe. Nikalifunika la kulia kwa pamba na plasta. Kuhusu hospitali, nikamshauri angoje auze pamba yake kwanza, mwezi wa tisa hivi.

Ameniamini. Hicho ndicho kinachonitia wasiwasi.

Alhamisi, 6 Julai
Kwandu analia tu. Mama yake akimwinamia hageuki, mpaka asikie sauti. Milembe ameniuliza mara nne kama ndivyo inavyotakiwa. Nikasema nyuzi ziko safarini. Kwenda wapi, sijui.

Joakim kapita. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akaondoka. Wivu huo. Nimechora kibao changu, kikubwa kuliko chake.

Ijumaa, 7 Julai
Ole wangu! Kumbe kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa chai. Nimezibandua kwa mvuke wa sufuria. Bora nisingezibandua. Wataalamu walifumba jicho zima la paka mchanga. Walipolifumbua baadaye, jicho halikuwa na kasoro, ila ubongo ulikuwa umeacha kulipokea! Nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na jicho la jirani. Paka mkubwa wakimfanyia hivyo, hadhuriki. Ni utotoni tu. Kuna kipindi, kisha mlango unafungwa.

Na mimi nimefunika lipi? Lile zima! Siku tatu! Nimehesabu kwa vidole, labda nimekosea. Siku tatu.

Nikangoja Milembe aende kisimani ili nibandue plasta, niseme imedondoka yenyewe. Akaenda. Nikabandua. Akarudi, amesahau ndoo. Akanikuta na plasta mkononi.

"Kaka, umemfanya nini mwanangu?"

Nilitafuta uongo, sikuupata. Nikamweleza habari ya mlango. Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kwa Joakim pekupeku.

Jumamosi, 8 Julai
Joakim hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alimulika tochi, akasema ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, Kwandu kazaliwa nao. Mwanga hauingii kabisa, sasa nyuzi zipeleke nini? Mzani bila mzigo. Alisema siku tatu huenda hazijaliharibu jicho la kulia. Huenda! Nikamwomba arudie bila "huenda". Akakataa.

Ameandika barua kwa daktari wa macho Mwanza na kuwatafutia nafasi kwenye lori la pamba, leo hii. Nimeng'ang'ania kwenda. Milembe akasema sawa, lakini nikae nyuma juu ya marobota.

Jumatano, 12 Julai
Mwanza. Walimpasua juzi. Sijala kitu cha maana tangu Jumamosi. Daktari, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya ukali, aliuliza ni nani aliyeshauri kungoja. Milembe akaninyooshea kidole.

"Mwezi wa tisa ningelisafisha jicho hili likang'aa kama kioo," akaniambia, "na ubongo wake usingejua kama lipo."

Nikakaa sakafuni.

Leo wametoa bandeji. Daktari akaziba jicho la kulia kwa kiganja, akapitisha tochi. Jicho la kushoto halikufanya kitu. Akapitisha tena. Nikashika ukuta. Likageuka! Likaupoteza mwanga, likautafuta, likaufuata. Milembe akalia kwa Kisukuma. Mimi nililia kwa lugha zote ninazozijua. La kulia nalo linaona. Namshukuru Mungu, na paka.

Jumapili, 23 Julai
Tumerudi Somanda. Kwandu amevaa miwani minene iliyofungwa kwa utepe, anafanana na karani mkuu. Na daktari ameagizaje? Kila siku, kwa saa kadhaa, jicho la kulia lifunikwe, ili la kushoto lijipatie nafasi kwenye ubongo. Lifunikwe! Nikakimbia kwa Joakim kumwuliza: si ndicho nilichosema? Akajibu kwamba hilo ni baada ya upasuaji, tena kwa saa, si siku tatu kabla yake. Tofauti ndogo ya ratiba.

Milembe haniruhusu hata kugusa plasta. Wanataaluma tunapata taabu kwa ndugu zetu.

Leo nimeanza sura ya masikio. Nimesoma kurasa sita, zinatosha. Jirani yangu mzee Mashimba ana miaka sabini, sikio moja halisikii tangu ujana. Nimemwambia aje kesho asubuhi, mapema, kabla Joakim hajafungua duka. Nitaanza kwa kuliziba lile linalosikia.