Gari Linalonyamaza Kwenye Taa

Jumatatu, 3 Machi
Nimenunua gari! Mtumba, lakini linang'aa. Jumamosi mama mkwe anapasuliwa macho, na nimeshatangaza kwamba nitampeleka mimi. Si mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada wa mke wangu. Kila safari ya mama ni yeye, kila sifa ni yake. Mimi mama hunisalimia kama mtu aliyekuja kusoma mita. Basi. Safari hii atanijua.

Jumanne, 4 Machi
Balaa! Nimesimama kwenye taa nyekundu, injini kimya. Nimeachia breki, ikawaka yenyewe. Taa iliyofuata, yale yale! Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.
Mke wangu kampigia mwanyumba bila kuniuliza. Eti gari halina ubovu, limeundwa lijizime likisimama ili kuokoa mafuta. Eti nikae nilipo, niachie breki tu. Na kama sipendi, kuna kitufe cha kuzuia. Wivu mtupu! Anataka nisilitengeneze, niaibike mbele ya mama.

Alhamisi, 6 Machi
Nimebadilisha betri. Bado. Nimesafisha plagi. Bado. Nikabonyeza kile kitufe, kwa siri. Injini haikuzima tena. Ilinichoma roho. Kuokolewa na yule? Sitaki! Nikakibonyeza tena, mambo yakarudi kama zamani.

Jumamosi, 8 Machi
Nina uchungu, hata kalamu nzito.
Mama alikaa mbele, mke wangu nyuma. Taa nyekundu. Injini ikanyamaza. Katika kimya kile mama akanishika mkono, akasema kuna jambo la siku nyingi moyoni mwake, alitaka kuniambia kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Nikamwomba asubiri kidogo. Nikafungua mkanda, nikatoka mbio, nikafunua boneti.
Kumbe ukishatoka hivyo, haliwaki tena lenyewe! Honi nyuma. Matusi. Nikatikisa kila waya. Mke wangu akampigia nani? Yeye! Akaja, akamhamishia mama kwenye gari lake. Kisha akafunga boneti yangu, akazungusha ufunguo. Likawaka. Hata kunicheka hakunicheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumapili, 9 Machi
Mama anaona, namshukuru Mungu. Bandeji ilipotolewa, sura ya kwanza aliyoiona ilikuwa ya mwanyumba. Haya.
Lakini sikukaa bure. Nimempata fundi, kaung'oa huo ujinga wote, kaniwekea na bomba la moshi linalounguruma. Halizimi ng'o! Nimesimama kwenye taa nyekundu nikampigia mama aisikie injini mwenyewe. Akaongea kirefu, taratibu, kwa sauti ya chini. Nilisikia "mwanangu", mara mbili. Mengine yote yalimezwa na muungurumo. Nikakanyaga mafuta zaidi ili asikie vizuri, akakata simu.
Bila shaka alikuwa anaisifu injini.