Ubao wa Nyota Mlangoni kwa Nyapara

Jumatatu, 8 Januari 1906. Grand Rapids, Amerika. Mwaka wa tatu tangu niondoke kwetu Friesland.
Theluji. Mgongo unauma. Nyapara Douwe, Mfrisia mwenzangu, ametangaza kuwa wanunuzi hawataki tena nakshi. Wanataka viti vya mwaloni vitupu, vilivyonyooka kama milango. Wachongaji tuko wawili, meza ya kuchongea inabaki moja. Atakayeikosa atapiga msasa. Nilivuka bahari nichonge, si nile vumbi. Ludwik, Mpolandi wa meza ya pili, tayari anasifu viti vipya. Kaniambia, "Sjoerd, kaka, maua yako yamenyauka." Nimemdharau kimyakimya.

Jumatano, 10 Januari.
Nimepata mpango. Douwe akiona kazi ya kwetu atalainika. Nachonga ubao mdogo wa mkono wa kunyooshea nguo, wenye nyota za petali sita, kama wa babu. Babu alichonga nyota hata upande wa chini. Niliwahi kumuuliza nani ataziona. Akasema yeye anajua zipo. Leo nimemwelewa, kisha nikajikata kidole.

Ijumaa, 12 Januari.
Ubao umekwisha. Ni mzuri kuliko mimi. Alfajiri nimeutundika mlangoni kwa Douwe, bila jina. Mkono wangu anaujua. Nikajificha nyuma ya kuni. Aliyefungua ni Baukje, dada yake mjane. Akapitisha kidole kwenye nyota, taratibu, akauingiza ndani. Nimekwenda kazini nikipiga mluzi.

Jumamosi, 13 Januari.
Balaa. Douwe ameniita shemeji mbele ya karakana nzima. Kwetu mwanamume humtundikia mwanamke ubao kama ule mlangoni. Akiuingiza ndani, amekubali posa. Naijua desturi hiyo tangu utotoni. Nilidhani ilibaki ng'ambo. Nikaeleza kwamba ubao ulikuwa wa Douwe mwenyewe. Ludwik akauliza kama basi nimemposa nyapara. Wakacheka hadi gundi ikaungulia chunguni. Na meza? Douwe anasema hawezi kumpa shemeji yake, watu watasema anapendelea. Amepewa Ludwik.

Jumapili, 14 Januari.
Baada ya kanisa, supu ya njegere kwa Baukje. Amesema alijua fika ubao si wake. Ila tangu aje Amerika, kila anachoshika kimetoka kwenye mashine. "Uchukue ukitaka, Sjoerd. Sitakuwekea kinyongo." Sikuuchukua. Nikaongezewa supu.

Jumatatu, 15 Januari.
Msasa. Vumbi hadi kwenye meno. Nimetafakari kosa langu siku nzima: nilikosea mlango. Mwenye uamuzi ni mwenye kiwanda. Nimeanza ubao mwingine, nyota kubwa zaidi, nitautundika kwake Alhamisi. Ana mabinti watatu na mama yao ni wa kwetu, kwa hiyo uzuri wa ubao watautambua. Nyumbani Friesland nategemea kurudi Mei, nikiwa mchongaji mkuu. Nimemwambia Baukje. Ameuliza Mei ya mwaka gani.