Rui wa Nirupama

Jumatatu, 3 Ashar

Samaki watatu wamekufa bwawani! Matumbo juu. Na harusi ya mwanangu Dibyendu ni Jumatano ya wiki ijayo. Nimekimbia kumtafuta Malkia. Yuko hai, ila anahema juu ya maji, mdomo wazi.

Malkia ni samaki wa aina ya rui aliyelelewa na marehemu mke wangu, Nirupama. Alikuwa akimlisha bisi za mchele kutoka mkononi. Kabla hajafariki aliniambia mara mbili: huyu ndiye wa kumpelekea mkwe wetu, bibi harusi, asubuhi ya kupakwa manjano, kama ilivyo desturi yetu, kavishwa sari nyekundu, kipini puani. Nikaahidi.

Sasa, mdogo wangu Anukul, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alipomwoza mwanawe alipeleka rui wa kilo nane. Mpaka leo watu wanamtaja! Malkia lazima afike tisa. Ndiyo maana tangu mwezi uliopita namwaga mashudu ya haradali, kikapu asubuhi, kikapu jioni, na samadi kidogo juu yake. Kwa hiyo njaa haikuwaua. Kuna mtu anawatilia sumu.

Jumanne, 4 Ashar

Wengine sita. Mawingu kutwa, joto la kunata, mvua haitaki kunyesha.

Nimekuta nyayo kwenye tope. Mguu wa kulia hauna kidole cha mwisho. Nani hapa kijijini alikatwa kidole na jembe? Anukul! Nimemweleza dada Khiroda, dada yetu mkubwa, mjane, anayekaa kwangu yeye na ulimi wake. Akasema labda samaki wamevimbiwa, na kwamba hata mimi naonyesha dalili. Nimewaongezea mashudu wapate nguvu ya kupambana na sumu.

Jumatano, 5 Ashar

Nimemkamata!

Nilijificha kwenye majimbi kabla ya jua kuchomoza. Mbu wamenimaliza. Kulipopambazuka, huyo! Anukul, maji kiunoni, anayachapa maji kwa mwanzi kama mtu aliyepagawa. Nikaruka, nikateleza, nikamfikia kwa makalio. Nikapiga ukelele wa mwizi. Kijiji kikajaa, wengine miswaki mdomoni. Nikamwita mwuaji, mwenye kijicho, mbele ya wote.

Akasema, "Kaka, samaki wako wanakosa pumzi. Nayachanganya maji tu."

Nikamwambia samaki wangu wamezaliwa majini, pumzi wanayo, ya kwake akaitafute kwake. Watu wakacheka. Nilifurahi walivyocheka. Akaulaza mwanzi wake miguuni pangu akaenda zake, matone yakimtiririka.

Nimezungusha miiba bwawa zima. Jioni, vikapu viwili badala ya kimoja, kusherehekea.

Alhamisi, 6 Ashar

Wote.

Bwawa jeupe toka ukingo hadi ukingo. Malkia nimemkuta kwenye ngazi, pale pale Nirupama alipokuwa akikaa na bakuli lake la bisi. Nimembeba mwenyewe. Nimempima: kilo nane na robo. Najua haikuwa saa ya kupima. Nimempima. Dibyendu kanisaidia kuchimba shimo.

Ijumaa, 7 Ashar

Kaja mtaalamu wa samaki kutoka mjini. Kachovya mkono, kanusa, kauliza wanakula nini. Nikamjibu kwa majivuno. Kakunja uso. Akachota tope la chini: mashudu matupu, meusi, yameoza, yananuka yai viza. Amesema chakula kikioza kinaimaliza hewa ya majini, na siku za mawingu, ikifika alfajiri, haibaki kitu. Hakuna sumu wala nini. Akashangaa wamefikaje Alhamisi. Akauliza kama kuna mtu alikuwa akiwachapia maji.

Nikasema sijui. Dada Khiroda akasema anajua, akataja jina, na kidole kisichokuwepo.

Basi nimemwua Malkia kwa mkono wangu. Na aliyekuwa akimwokoa nimemtukana mbele ya watu. Nirupama, nisamehe. Sijala.

Jumatano, 12 Ashar

Siku ya harusi. Nilikuwa navaa viatu niende sokoni, kununua rui wa aibu, wa barafu. Anukul akaingia na sinia. Rui kutoka bwawani kwake, kavishwa vizuri, kipini puani. Ile sari! Kipande cha sari ya Nirupama, mke wa Anukul alikihifadhi miaka yote hii.

Akasema, "Shemeji aliahidiwa." Basi.

Nilitaka kusema nisamehe, mdogo wangu. Nilifungua mdomo, nikajisikia nauliza ana kilo ngapi. Akasema hakumpima. Dada Khiroda alinifinya mpaka pamevilia damu. Hakumpima!

Ijumaa, 14 Ashar

Mkwe kashafika nyumbani. Asubuhi kaniuliza bwawa lina nini, mbona kimya. Nimeenda kukaa kwenye ngazi peke yangu, nikalia kidogo.

Nimemfikiria Anukul. Maneno ya msamaha siyawezi. Mimi ni mtu wa vitendo. Na ukweli ni kwamba samaki wake wamekonda. Anawapa pumba, kiganja kimoja, maskini. Mimi stoo nina magunia matatu ya mashudu na sina wa kumlisha. Mtaalamu alisema yalizidi kwa bwawa langu. La Anukul ni kubwa mara mbili!

Kwa hiyo leo, yeye na mkewe walipokwenda kwa wakwe zao, nimeyamwaga yote. Magunia matatu, taratibu, kwa upendo. Sikumwambia mtu. Nataka aone mwenyewe.

Jumamosi, 15 Ashar

Mawingu. Hakuna upepo. Alfajiri nimechungulia juu ya ukuta, na moyo wangu umetulia kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile. Samaki wake wote wamekuja juu, midomo wazi. Wananishukuru.