Matanga ya Visiki Vinne

Zuleha binti Ishaka,
Dunda, Bagamoyo.
9 Februari 2025

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,

YAH: OMBI LA KUTANGAZIWA RASMI MWISHO WA MATANGA

Assalaam aleikum. Natumaini u mzima, na kazi za mtaa hazijakuelemea. Mimi ni mjane wa marehemu Mwinyijuma, fundi cherehani, aliyefariki mwaka juzi. Wiki ile ya mwisho aliikata mivinje minne ya uwanja wetu wa mbele, akaahidi kuving'oa visiki Jumamosi. Ijumaa tukamzika.

Kama ujuavyo, matanga yetu ni siku tatu. Wanaume wakaja, mikeka haikutosha, wanne wakakalia visiki. Ndugu Mwenyekiti, wanne hao hawajatawanyika mpaka leo. Kwa heshima zote nawasilisha malalamiko yangu:

1. Mzee Khamis, Rajabu, Bwanausi na Mahmoud hufika kila siku baada ya swala ya alasiri, kila mmoja na kisiki chake. Sina neno, nani atamchukia mtu mwenye huzuni ndefu namna hii? Ila huzuni yao inakunywa birika mbili za kahawa, na kashata huisha kahawa ingali ya moto.

2. Nimenyang'anywa ufiwa. Nilikaa eda yangu miezi minne na siku kumi, nikatoka, nikarudi sokoni kuuza samaki. Wao bado wapo. Wageni wa mtaa humpa pole Mzee Khamis, naye huipokea bila haya.

3. Mwezi uliopita wazee wa Fukayosi walikuja kumposa binti yangu Ummy. Walipokuta wanaume wanne wameinamisha vichwa (walikuwa wakitazama drafti), walipunguza sauti, wakasoma Fatiha, wakatoa ubani, wakarudi na posa yao. Ummy alilia siku mbili. Ilibidi nitume mtu akawaeleze kwamba kwetu hakuna maiti.

4. Posa ilipokubaliwa, nilimwita fundi Shuaibu kutoka Dar es Salaam na mashine yake ya kusaga visiki, nipate pa kusimamisha turubai la harusi. Wazee hawakuinuka. Bwanausi alitamka hadharani kwamba kuvisaga ni kumzika marehemu mara ya pili. Shuaibu akazima mashine. Nasikitika kukuarifu kwamba Mahmoud alisogea kidogo kwenye kisiki chake kumpa nafasi, naye akakaa. Matanga sasa yana watu watano, na mmoja hakumjua marehemu kabisa.

5. Mazungumzo yao ni Mwinyijuma tu. Mwinyijuma alivyoiba kete, Mwinyijuma alivyomshonea Mahmoud kanzu yenye mkono mmoja mrefu. Kisa hicho nimekisikia mpaka nakiota.

Kwa hiyo naiomba Serikali ya Mtaa itangaze kwa kipaza sauti kwamba matanga yamekwisha. Ikishindikana, iwaandikishe wote wanne kuwa wajane wa marehemu, wakalishwe eda, wafungiwe ndani kama nilivyofungiwa mimi, nami nipate uwanja wangu. Shuaibu sina haja naye, arudishwe kwao.

Nisalimie mama watoto, wajumbe wote wa mtaa, na karani wako, ambaye kila nikija ofisini naambiwa yuko kwenye chai.

Wako katika msiba usiokwisha,
Zuleha

N.B. Barua hii imekaa siku tatu bila kupata wa kuipeleka. Juzi asubuhi wazee walikwenda mazikoni Lugoba, na Shuaibu akakumbuka kazi yake. Visiki vyote vimesagwa. Uwanja umenyooka, Ummy anaimba, turubai litaenea na nafasi itabaki. Jioni wakaja, wakasimama wakiutazama ule unga wa mbao, wakanipa hongera, wakaenda zao. Jana hawakuja. Mpaka nalala hakuna aliyelitaja jina la Mwinyijuma. Nililitaja mwenyewe jikoni, nikaona uchungu ambao sikuuona hata siku ya maziko. Ndugu Mwenyekiti, tafadhali usitangaze chochote. Nimemwagiza seremala Majaliwa mabenchi mawili, yatakuwa tayari Alhamisi. Ukiwaona hao wazee, waambie waje. Waambie matanga bado. Mimi ndiyo kwanza naanza.