Hatua Arobaini za Gaju

Sogeeni, enyi watu wa Lower West Side mnaolala na hita zinazogonga kama fundi bati. Sogeeni, ninyi wa Iroquois kule Louisville ambao mvua ikiganda kidogo tu mnaiita baridi. Nanyi wa Columbus, ambao mtatajwa humu na hamtapenda kila neno, vueni buti za kazi mkae. Wekeni simu kifudifudi. Nawasimulia vita vya Januari, ambamo jeshi la watu wanne lilipambana na upepo wa Ziwa Erie tangu chai ya asubuhi hata mchana, likamtoa ng'ombe mmoja bandani na kumfikisha gereji, umbali wa hatua arobaini. Nilizihesabu mwenyewe. Sikumaliza darasa la sita, lakini arobaini naifikia.

Shujaa wetu ni Rurangwa, mwana wa milima ya juu ya Kivu ya Kusini, Mwenye Fimbo, Mfunga Maboksi wa Tonawanda, aliyesimama mbele ya mashine ya kiwanda miaka kumi na mmoja huku akili yake ikichunga kwenye majani. Wengine wakipata nafuu hununua televisheni ya kufunika ukuta. Yeye alinunua nyumba ya mbao iliyoegemea upande mmoja, mwendo wa saa nzima kutoka Buffalo, pamoja na mbuzi watano, kuku tisa, na mtamba mmoja wa rangi ya kahawia, ambaye alimpa jina Gaju, kama alivyoitwa ng'ombe wa babu yake.

Huyo Gaju hakununuliwa kwa ajili ya maziwa. Alikuwa mahari. Elisée, mtoto wa Rurangwa anayefanya kazi ghalani huko Louisville, alikuwa akimtaka Jolie, binti wa Mutware wa Columbus. Tunajua sote mahari inavyokwenda huku siku hizi: wazee wanakaa sebuleni, wanasifu ng'ombe wanane ambao hakuna aliyewaona, kisha bahasha inapita. Rurangwa alikataa. Alisema yeye hakuoa kwa bahasha, na mwanawe hataoa kwa bahasha. Mkwe atapewa kitu chenye kwato. Kwamba mkwe mwenyewe anakaa ghorofa ya pili, hilo halikumkosesha usingizi. Ng'ombe angebaki palepale akitunzwa kwa niaba ya mwenyewe, kama walivyofanya wazee. Lakini desturi nayo ina masharti yake: baba wa binti lazima aje amtazame ng'ombe, na kwa mdomo wake mwenyewe aseme ni wake. Asiposema, hakuna harusi. Na Elisée alikuwa amengoja miaka miwili.

Basi Ijumaa akafika Mutware, Mzito wa Kukubali, ndani ya gari jeupe ambalo halikuwa limetimiza miezi miwili, gari analolipangusa kwa kitambaa kila anaposimama kuweka mafuta. Nami nilikuwepo, kwa sababu jambo la namna hii linataka shahidi, na mimi ndiye ninayesimama na Rurangwa mashine moja. Mutware alimzunguka Gaju mara tatu, mikono nyuma, kama mtu wa bima.

"Bon," akasema. "Pembe iko wapi?"

Rurangwa akatoa hotuba. Alieleza kwamba katika nchi hii ng'ombe huondolewa pembe wakingali ndama, kwamba hata bibi mmoja mzungu aliyemuuza, Patricia, hakuwahi kumiliki ng'ombe mwenye pembe, na kwamba ukoo hauko kwenye pembe bali kwenye damu. Alisema mengi. Gaju alisikiliza akitafuna.

"Donc umeniletea mbuzi kubwa," akajibu Mutware.

Kisha akaomba gari lake lilazwe gereji, maana alisikia kutakuwa na hali mbaya ya hewa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alikula wali sahani mbili, akaenda kulala.

Jumamosi, kabla chai haijapoa, ulikuja. Ninyi mnaoujua upepo wa ziwa hili mnajua hauji kama mgeni. Ulikuja kama watu wa kuhamisha vyombo, wale wasiojali. Ulichukua kwanza taa za barabarani, halafu umeme wa nyumba, halafu pipa la taka la jirani, likapita mbele ya dirisha letu likiwa limesimama wima kama mtu anayewahi zamu. Theluji haikuanguka; ilipita kwa ubavu. Kamikazi, mke wa Rurangwa, mwanamke asiyetoa hotuba, alikuwa ameshafanya kazi yake sisi tukiwa bado tunatazama pipa: kuku tisa walikuwa bafuni, mbuzi watano walikuwa chini ya nyumba, kwenye chumba cha mashine ya kufulia. Alibaki Gaju, peke yake bandani, kwa sababu mlango wa jikoni haumpitishi na ngazi hawezi kuzishuka.

Hapo banda likalia. Bati la kwanza likainuka kona moja, likapiga, likainuka tena.

"Likiondoka hilo," akanena Rurangwa, akisimama na kushika fimbo yake, ile ya mti wa kwao aliyoificha ndani ya sanduku la nguo miaka ile alipopanda ndege, "likiondoka hilo, yanaondoka yote, na ng'ombe ya watoto wangu inakufa baridi mbele ya mkwe. Papa Jolie, wewe kaa. Wewe ni mgeni. Haya ni ya mwenye nyumba."

Mutware akasema hakuwa na nia ya kusimama.

Nikashauri tumfunge kamba tumvute hadi gereji. Rurangwa alinitazama kana kwamba nimeshauri bibi harusi aletwe amefungwa mikono. Ng'ombe wa mahari, akaniambia, havutwi. Anaitwa kwa sifa zake, anakuja kwa hiari, na mkwe anaona heshima. Basi tukatoka bila kamba, tukiwa tumevaa kila kitu tulichonacho, na upepo ukatulaki mlangoni kwa kunivua kofia. Sijaiona tangu siku hiyo. Nadhani iko Kanada.

Tulimkuta Gaju amesimama katikati ya banda, miguu imepanuka, macho yamemtoka. Rurangwa akafungua mlango, akasimama nje, akainua fimbo, akaanza kumsifu kwa lugha ya milimani. Alimwita Mwenye Shingo Ndefu. Alimwita Mvuka Mto Asiyelowa, Binti wa Aliyekataa Kukamuliwa na Wageni. Alimtajia ng'ombe wa babu yake hadi kizazi cha nne, na hao nao akawatajia mabonde waliyolishwa, huku barafu ikimjaa kwenye masharubu na maneno yakipeperushwa yote kuelekea Rochester. Ilikuwa kazi nzuri ajabu. Gaju hakusogea hata unyayo.

Tena. Akapandisha sauti. Bati likapiga juu, Gaju akarudi nyuma hatua mbili. Kwa hesabu yangu tulikuwa na hatua arobaini na mbili sasa.

Ndipo mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka Mutware, amejifunga blanketi la kitandani. Nilidhani amekuja kucheka. Alikuwa na hasira ya kweli.

"Papa Elisée, unasifu ng'ombe kama mtu anauza gari ya zamani," akasema. "Unaanza na shingo? Nani anaanza na shingo? Pisha."

Akamsukuma mwenye nyumba kando, akaanza yeye. Kumbe Mzito wa Kukubali alichunga mpaka umri wa miaka ishirini, kabla ya vita, kabla ya kambi, kabla ya hizo kazi za usiku za kugeuza wazee kwenye vitanda vyao kule Columbus. Sauti yake ilikuwa pana. Alianza na macho, akashuka kwenye mgongo, akafika kwenye mwendo, na Rurangwa, badala ya kukasirika, akawa anaitikia. Wazee wawili katika upepo wa maili sitini kwa saa, mmoja na fimbo, mwingine na blanketi lenye maua, wakimwimbia ng'ombe mmoja asiye na pembe. Nami nilisimama nikiwaza tutakavyoeleza hospitalini.

Gaju aliwatazama wote wawili kwa adabu. Hakusogea.

Na hapa, enyi wasikilizaji, ndipo anapoingia Kamikazi, Mwenye Ndoo. Alitoka bila haraka, ndoo ya plastiki mkono mmoja, kijiko cha chuma mkono wa pili, ndani ya ndoo kuna pumba kama vikombe viwili. Alisimama nyuma ya wale waimbaji akangoja wamalize ubeti, maana ana heshima.

"Nyie wazee," akasema, "hii ng'ombe ilizaliwa hapa. Ile mama Patricia hakuiimbiaka hata siku moja. Inasikiaka ndoo tu."

Akagonga mara mbili. Ko, ko.

Gaju akainua masikio, akatoka.

Akatembea, naam, akatembea kwa hiari yake, pasipo kamba, kichwa juu, na mabingwa wawili wakamfuata nyuma bila kutazamana. Kumi. Ishirini. Kwenye ya ishirini na tano upepo ulimyumbisha, na wale wazee wakamwegemea ubavuni, mmoja huku, mwingine huku, wakaendelea. Thelathini. Arobaini, na zile mbili. Nikavuta kile kikamba chekundu cha gereji, kinachoachia mlango kwenye mota yake, kwa kuwa umeme haukuwepo, nikauinua mlango kwa mikono, nikaubeba kwa mgongo. Ukafunguka.

Ndani kulikuwa na gari jeupe, ukuta hadi ukuta.

Tulikuwa tumelisahau sote, isipokuwa mmoja. Gaju akasimama pua yake ikigusa taa ya nyuma, akitetemeka, theluji imemganda kwenye kope. Rurangwa angeweza kusema neno. Mwenye nyumba angeweza kuamuru. Lakini mkwe haamriwi, na gari la mkwe halisukumwi. Akaanza kumpangusa Gaju theluji kwenye kope kwa kidole.

Mutware alilitazama gari. Akamtazama ng'ombe. Alitazama angani, ambako vitu vya watu vilikuwa vinapita. Kisha akatoa funguo mfukoni, akaniambia niinue mlango zaidi, akasubiri Kamikazi amsogeze Gaju pembeni kwa ndoo, akaliondoa gari kinyumenyume mpaka katikati ya uwanja, akazima, akashuka.

Gaju akaingia. Na alipoingiza mguu wa mwisho, banda likaachia. Bati lile la kona liliondoka, likapanda kama ndege mgonjwa, likageuka mara mbili, likatua ubapa kwenye boneti ya gari jeupe kwa mlio ambao mbuzi waliujibu kutoka chini ya nyumba.

Sote tulimtazama Mutware. Yeye hakugeuka. Alikuwa ameshapiga magoti kwenye sakafu ya gereji, anampapasa Gaju miguu, mmoja mmoja, kutoka gotini hadi kwatoni.

"Ng'ombe yangu iko na baridi," akasema. "Leteni kitambaa."

Rurangwa akaweka fimbo chini. "Papa Jolie," akasema kwa sauti ndogo, "iko ya nani?"

"Yangu. Haina pembe, lakini ni yangu. Unasimama hapo kufanya nini? Kitambaa."

Kilicholetwa, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu, ni kile cha kupangusia gari.

Basi na iwekwe kwenye kumbukumbu za watu wetu wa Buffalo, Columbus na Louisville kwamba siku hiyo mji haukuanguka, mfalme hakutawazwa, na kuku mmoja tu alitaga, ndani ya bafu. Ila ng'ombe alifika, Elisée alipigiwa simu saa nane mchana akaambiwa ng'ombe amekubaliwa, na gereji ilinyewa kiasi kwamba wakwe wawili walishinda na makoleo hadi jioni, wakigombana kama sifa za ng'ombe zianze na shingo au macho. Ugomvi huo unaendelea kwa simu mpaka leo. Nanyi mtakaokutana barabarani Columbus na gari jeupe lenye bonde kwenye boneti, ambalo mwenyewe hataki kulipeleka kwa fundi, punguzeni mwendo kidogo na mpige honi mara mbili, ko, ko. Hiyo ndiyo sanamu ya vita vyetu, na hatuna nyingine.